Nilipima shamba la mama kule Kaniha kabla ya kurudi nyumbani, majibu ya kwanza yakanidanganya

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na mpaka leo yananikaa kooni. Mwenye haraka apite tu, sitamnunia.

Mimi ni fundi friji hapa Mwanza. Kwetu ni Kaniha, Biharamulo. Msubi halisi, Kiswahili nimekijulia shule.

Marehemu baba alichimba kisima kule bondeni, mwisho wa shamba letu. Maji ya kile kisima, wakuu, sijui niwaelezeje. Mimi nashinda nimezungukwa na mafriji, maji ya baridi nakunywa ninavyotaka, lakini kiu ya yale haijawahi kuniisha.

Mama analijua hilo. Kila nikimaliza likizo ananijazia kidumu cha njano na kunisindikiza nacho mpaka kituoni. "Ukifika, kunywa kwanza haya, ndipo unywe ya mjini." Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nafanya hivyo hivyo. Mke wangu hunicheka mpaka anakaa chini.

Basi bwana, nikaanza kutamani kurudi moja kwa moja. Nilime mboga bondeni, watoto wakue wanamjua bibi yao. Kulala nalala na hilo, kuamka naamka nalo.

Tatizo lilikuwa moja. Baba alipofariki, mama aliwaachia watu wa dhahabu lile bonde kwa muda. Wakajenga mwalo wao wa kuoshea mchanga, palepale karibu na kisima maana walitaka maji. Wanaojua hiyo kazi wanajua kuwa zebaki haikosekani. Baadaye wakahama, wakaacha mashimo na lundo la marudio, yaani mchanga waliokwisha kuuosha.

Kuna dada mmoja mtaalamu wa udongo na maji, nitamwita Neema, niliwahi kumtengenezea friji. Nikamwomba ushauri. Akasema zebaki huijui kwa macho wala kwa ulimi, ni kupima tu. Alikuwa na kazi nyingine Biharamulo mjini, hivyo mama achukue udongo bondeni sehemu mbalimbali, auchanganye, achote na maji ya kisima, ampelekee. Chupa na mifuko safi akamtumia kwa bodaboda.

Mama akapeleka mwenyewe, kavaa kitenge cha kanisani.

Baada ya muda Neema akapiga simu. Udongo safi, maji safi.

Wakuu, nililia. Sioni aibu kusema. Nikamuaga mwenye nyumba, nikaanza kuwagawia mafundi wenzangu vifaa ambavyo kijijini visingenifaa. Nikatangulia peke yangu kwenda kuandaa mashamba, familia ifuate.

Nimefika nyumbani, shikamoo, marahaba, mama kaniletea kikombe cha bati kimejaa maji ya kisima. Nimekipeleka mdomoni, nikaona nimshukuru kwanza kwa kazi ya kupeleka ule udongo.

Mama akafurahi. "Niliwachagulia mzuri, mwanangu. Wa huku juu migombani, mweusi, wenye samadi."

Nikauliza, "Wa bondeni je?"

"Ule wa bondeni umechakaa, wale watu wa zahabu waliuchezea sana. Nimpelekee mtu wa ofisini udongo wa namna ile? Ataona mji huu hauna mwenyewe!"

"Na maji, mama?"

"Kisima kilikuwa na tope. Nikachota ya mvua kwenye pipa, nikachuja na kitambaa."

Nikakiweka kikombe chini.

Msimcheke mama yangu, au mcheke kidogo tu. Kwetu kitu cha mgeni ni kile kizuri kuliko vyote. Angeambiwa apeleke ndizi asingepeleka zilizooza, sasa udongo ndio apeleke mbovu? Kosa ni letu sisi tuliomwambia cha kufanya bila kumwambia kwa nini.

Nikampigia Neema. Akaja mwenyewe na chuma chake kirefu cha kuzungusha ardhini. Safari hii mama alielezwa kila kitu, na ndiye aliyemwongoza: mwalo ulikuwa hapa, maji machafu yalipita hapa, marudio yalilundikwa pale. Neema akachukua udongo wa juu na wa chini, bondeni na migombani kila mmoja na mfuko wake, akachota na maji ya kisima. Akatukataza kuyanywa mpaka majibu yatoke.

Mimi nikakaa nyumbani kusubiri. Jioni nilikuwa nashuka kisimani, nainama, naiona sura yangu mle ndani, napanda tena na koo kavu.

Majibu yakaja. Migombani salama. Bondeni zebaki imezidi, na kisimani imefika. Hayafai kunywa, na mboga zisilimwe pale.

Mama aliuliza kitu kimoja tu. "Kwa hiyo baba yako alituchimbia sumu?"

Nikamwambia hapana mama, baba alituchimbia maji, sumu imekuja baadaye. Akageuza uso upande wa migomba, hakutaka nimuone.

Nilimpeleka hospitali akapimwa, hali yake si mbaya, wanaendelea kumfuatilia. Kisima tumekifunika kwa bati na mawe. Anatumia maji ya mvua. Huko juu panamtosha yeye, familia yangu nzima hapatoshi. Ndiyo maana nawaandikia nikiwa Mwanza, nimerudi kwenye mafriji.

Nilichojifunza: ardhi iliyowahi kuwa na mwalo, pima kabla hujapanda wala kunywa. Na sampuli ichukuliwe pale unapopaogopa, na ajuaye kazi. Ukimwachia mama, atakuletea pale anapopapenda.

Wataalamu wa humu, mwenye uzoefu wa kusafisha bonde la namna hii, au wa kuchimba kisima kingine upande wa juu, naomba mawazo. Wa Ngara na Biharamulo mliopitia haya, semeni, msione haya.

Siku naondoka mama alinisindikiza kituoni na kidumu chetu kama kawaida. Gari lilipofika akanipa. Kilikuwa chepesi, nikakitikisa, kitupu.

Akasema, "Kaa nacho. Kisima kikipona, utakuja nacho."

Kiko hapa juu ya friji. Mke wangu akitaka kukitumia, namkatalia.