Nyangumi Ndani ya Maharagwe

Hadi leo nikichambua maharagwe, harufu ya jivu hunirudisha kwa nyangumi. Msicheke. Kwetu Butembo maharagwe huhifadhiwa kwa jivu yasitobolewe na wadudu, na kwangu mimi bahari inanuka hivyo, maana ile ya kweli nimezeeka sijaiona.

Baba alikuwa mwalimu, mtoto wa mto mkubwa wa jimbo la Ikweta, aliyeletwa kufundisha huku milimani. Alikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa, cha nahodha aliyeng'olewa mguu na nyangumi mweupe, akaapa kumsaka dunia nzima. Kila alasiri ya mvua alitusomea, akikigeuza Kiswahili polepole. Nyangumi, alisema, ni mkubwa kuliko kanisa letu la pale mtaani Kimemi. Nilikuwa msichana wa miaka minane. Asubuhi ukungu ulipopanda kutoka mabondeni, nilisimama mlangoni nikingoja mgongo wake. Baba akifika mwisho alianza upya, nasi tukasikiliza upya, isipokuwa Mama, aliyeinamia ungo wake kana kwamba hayumo. Niliamini anakichukia kile kitabu.

Kisha uasi ukaja, miaka michache tu baada ya uhuru. Ilisemekana waasi wanawasaka walimu na makarani, watu wa Kifaransa. Tulikimbilia Vuhovi kwa mjomba, Mama akibeba kikapu cha maharagwe mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Siku ya tatu Baba akasema kitabu kimebaki nyumbani, lazima akifuate. Mjomba alimkumbusha kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Baba akavaa viatu. Niliogopa hatarudi, na aibu yangu ni kwamba nusu ya moyo wangu ilitaka aende akilete.

Mama hakupaza sauti.

“Ule kapiteni alikuwaka na bibi na mutoto,” alisema. “Weye unasomaka pale, unapita. Miye hapana kupita.”

Baba alisimama mlangoni, ukungu ukimpita miguuni. Halafu akavua viatu, akaja kukaa karibu nami.

Hali ilipotulia, majira ya kupanda, Mama alimimina kikapu uani achague mbegu. Chini kabisa, ndani ya jivu, kilikuwemo kitabu. Baba alikipangusa kwa shati lake, akicheka huku analia. Mimi nilidhani Mama alikisahau mle.

Miaka mingi baadaye, Baba akiwa ametangulia, nilimuuliza Mama kwa nini hakusema siku ile kwamba kitabu kimo kikapuni, wakati neno moja lingemtuliza mumewe. Aliendelea kuchambua.

“Kama nilimuambia, angebakia sababu ya kitabu,” alisema. “Miye nilitaka abakie sababu ya siye.”

Kitabu kiko kwangu sasa, bado kinanuka jivu. Pale penye mke na mtoto wa nahodha ni mistari michache tu. Nikifika hapo, huwa nasimama.