Mkono Upi, Daktari?

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoulizwa swali la maneno mawili, nami na shahada yangu ya udaktari nikakosa jibu. "Mkono upi?"

Ilikuwa miaka ya themanini, katika hospitali moja ndogo upande wa Kitui. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, mdomo umejaa "kwa nini". Niliuliza kwa nini foleni ianzie juani, kwa nini chai ya wauguzi iwe tamu kuliko yetu, kwa nini binadamu apewe mbavu nyingi hivyo. Kazi yangu ilikuwa kusoma picha za eksirei na kuandika ripoti. Aliyezipiga ni Mzee Kilonzo, mtu wa maneno machache, na alikuwa na fomu yake.

Fomu hiyo aliitunga mwenyewe. Kiungo gani. Upande gani. Mifupa, mmoja mmoja. Maungio. Nyama. Mwisho, sentensi moja: ni nini basi? Alitaka kila picha ijaziwe fomu nzima, hata ya kidole gumba.

"Mzee, kwa nini niandike 'hakuna' mahali pasipo na kitu?"

"Ili anayesoma ajue ulipatazama, mwiitu wakwa," akasema, akiniita binti yake kwa Kikamba.

Niliona hiyo ni kazi ya makarani. Mimi niliandika insha. (Uzuri wa insha, mwanangu, ni kwamba mwandishi ndiye huufurahia kwanza, na mara nyingi peke yake.)

Basi akaletwa Mzee Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi, ameanguka kutoka kwenye lori akipakia mifugo karibu na Ikutha. Vifundo vya mikono yote miwili vilikuwa vimevimba. Mzee Kilonzo akapiga picha mbili. Mkono mmoja ulikuwa mzima, mwingine umevunjika, nami nikaandika kurasa mbili juu ya ule uliovunjika. Nilisema ufa ule ulipinda "kama mto Tiva wakati wa kiangazi". Niliisoma kwa sauti, nikajipongeza. Picha zikabaki kabatini kwetu, na ripoti ikarudi na mgonjwa kwa tabibu wa huko kwao, amfunge plasta.

Siku ya tatu mlango ulifunguliwa kwa teke. Aliingia mkewe, Mama Halima, na nyuma yake Mzee Abdi, mikono yote miwili imefungwa plasta hadi kwenye viwiko, imenyooka mbele kama ya mtu anayebeba mtungi usioonekana.

"Nani hapa ni daktari wa mto?" akauliza mama.

Nikainua kidole polepole.

"Tabibu amesoma karatasi yako mpaka chai ikapoa. Mto ameuona. Mkono hakuuona. Akawapigia simu, haikushika, akasema basi, heri afunge yote. Tangu hapo namlisha kama kifaranga. Namnawisha. Namvalisha. Jana inzi alitua puani mwake, akaniita kutoka kwa jirani!"

"Inzi si kitu," akasema Mzee Abdi kwa uchungu. "Kesho ni soko." Akatueleza: wao hupatana bei kwa kushikana vidole chini ya shuka, bila neno, ili aliye kando asijue. Wanunuzi walikuwa wamekuja kutoka mbali, na mbuzi wake wa msimu mzima walikuwa wakingoja. "Mikono yangu ndiyo mdomo wangu. Mmenifanya bubu."

Mzee Kilonzo akanigeukia. "Mkono upi?"

Nilifikiri. Mto niliukumbuka, kila kona yake. Mkono, wapi! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na aliyevunjika ni mtu mwingine.

Mzee alifungua kabati, akainua picha kwenye mwanga. Herufi ndogo za madini ya risasi alizoziweka pembeni alipopiga picha zilisema wazi: wa kushoto ndio umevunjika. Nikakata plasta ya kulia kwa mkono wangu mwenyewe. Mzee Abdi akachezesha vidole, akacheka, akamshika Mzee Kilonzo mkono chini ya shuka na kumbonyeza vidole. Kilonzo akacheka hadi machozi.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amekutajia bei yako. Ni ya mbuzi asiye na meno."

Siku hiyo sikuuliza aliijuaje lugha ile. Nilichukua fomu, nikaanza kujaza.

Mwanangu, nawe sasa unaanza kusoma picha hizi; sikukatazi kuuliza. Uliza. Lakini jaza fomu kwanza, kwa mpangilio, kila mstari, hasa ule unaokuchosha. Anayekusoma yuko mbali, hana picha, hana simu, na mgonjwa amekaa mbele yake. Ukishamaliza, ukibaki na mto wako, chini pana nafasi. Mungu akupe macho yasiyoruka mahali, na kalamu inayojua kulia na kushoto.

Miaka mingi baadaye, kwenye mazishi ya Mzee Kilonzo, dada yake aliniambia kwamba baba yao alikuwa mnunuzi wa mbuzi huko Nuu, akipatana bei kwa vidole chini ya shuka. Kila mbuzi, hata apendeze vipi, alimkagua kwa utaratibu uleule: meno, macho, mgongo, kiwele, kwato. Kilonzo alikua akimtazama. Fomu niliyodhani ni ya makarani ilitoka kwa mbuzi.