Siku Baba Aliporudisha Samaki

Nyumba yetu ya Bukoto ilinuka siki. Haikuwa siki ya dukani, maana miaka ile madukani hapakuwa na siki, wala sukari, wala chumvi ya uhakika. Ilikuwa siki ya Baba, aliyoitengeneza mwenyewe kwa maganda ya mananasi ndani ya ndoo iliyofunikwa kitambaa na kuwekwa bafuni, ikichachuka taratibu karibu kabisa na pale tulipoogea. Mgeni akiingia alikunja pua kwanza, ndipo akasalimu. Mama alilalamika kwamba siku moja tutatoka bafuni tumegeuka achari, na Baba alimjibu kwamba siki haina haraka, nasi tusiwe na haraka. Alikuwa mtu wa Mombasa, fundi wa mitambo ya meli kabla hajaoa, na kiwanda cha nguo kilimwajiri aje Kampala kuangalia mashine zake. Wenzake waliotoka baharini walirudi na saa na redio. Yeye alirudi na hamu ya vyakula vya watu. Alikuwa ameonja tambi za Napoli, samaki wa Hong Kong na mchuzi wa Bombay, na hakukubali kwamba mtu aliyekwisha kuonja vitu hivyo aishi bila kuvipata tena eti kwa sababu amehamia mji usio na bahari.

Kampala aliipenda mara moja kwa ajili hiyo. Jumamosi mchana tulivaa nguo za kutokea, mimi na mdogo wangu Salim tukapakwa mafuta mpaka tukang'aa, na Baba akatupeleka mjini kula. Kulikuwa na Mgoa aliyepika nyama kwa siki, Mwitalia mwenye tambi, Wahindi wa kila namna, na Mchina mmoja mwenye taa nyekundu za karatasi ambaye samaki wake, ngege mzima wa kukaangwa, alimwagiwa mchuzi wa tangawizi mezani akatoa sauti ya kuchacharika. Mama hakuupenda mtindo huo sana, kwani kwao kula mbele ya watu baki ni utovu wa haya, lakini alizoea. Kitu ambacho hakukizoea kamwe ni desturi ya Baba ya kurudisha sahani. Chakula kikiwa na kasoro, hata ndogo, Baba hakumtuma mhudumu. Aliinuka, akaibeba sahani yake kwa mikono miwili, akaingia nayo jikoni, akampa mpishi mkono, wakazungumza. Alisema mpishi asiyeambiwa ukweli anadharauliwa. Mara nyingi alitoka akicheka, na nyuma yake mpishi akicheka vilevile, na sahani mpya ikafuata. Mama wakati huo alikuwa ameinamisha uso, anajifanya anamfunga Salim kamba za viatu.

Kisha jeshi likawafukuza Wahindi, na migahawa ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Wasiofukuzwa nao walisoma alama za nyakati wakaondoka kimyakimya. Majengo waligawiwa watu, wengi wao wanajeshi, ambao walipokea mgahawa kama mtu anavyopokea baiskeli, wakidhani ukiwa nao tu utakwenda. Vibao vya nje vilibaki, na vitabu vya orodha ya vyakula vilibaki, lakini uagize chochote utakacho, ungeletewa matoke na nyama ya kuchemsha. Baba aliomboleza kama aliyefiwa. Baadaye akaamua kwamba kama migahawa imepinduka juu chini, basi ataihamishia nyumbani. Alisukuma unga kwa chupa ya soda juu ya meza ya kulia, akakata tambi kwa kisu, akazianika kwenye kamba ya nguo kati ya kaptula za Salim. Jirani yetu, Hajati Zamzam, mwanamke wa Kinubi ambaye nduguze kadhaa walikuwa jeshini, alimfundisha kupaka kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, juu ya bati la moto, na akawa anatugawia samli ambayo hatukuuliza ilitoka wapi. Nakumbuka miezi ile kwa furaha ambayo leo naionea aibu kidogo, maana mji ulikuwa ukilia, na mtu wa ghorofa ya chini yetu alikuwa ametiwa ndani ya buti ya gari mchana kweupe asionekane tena, nasi huku juu tulikuwa tukibishana kama mchuzi unahitaji ndimu.

Siku moja Baba alirudi kutoka kazini na habari. Mtu kiwandani amemwambia kwamba mgahawa wa Mchina umefunguliwa upya, na kwamba samaki yumo. Mama alisema huo mgahawa sasa ni wa kapteni, sote tunajua, na hakuna samaki duniani wa kumtoa mtu kwake akamfuate kapteni. Baba alimbembeleza siku kadhaa. Jumamosi ilipofika Mama alitupaka mafuta huku amenuna, tukaenda. Taa nyekundu zilikuwepo, zimetoboka. Meza chache zilikuwa na watu, na watu hao walikula wakitazama sahani zao tu. Karibu na mlango wa jikoni alikaa mwanamume mnene aliyevaa shati la maua, bunduki ya askari wake ikiwa imeegemezwa ukutani kama mwavuli. Mhudumu alikuwa kijana wa Kiganda, mpole, na Baba alipoagiza ngege wa tangawizi kijana yule alimtazama kwa huruma, kisha akaandika.

Samaki aliyeletwa alikuwa amechemshwa na magamba yake. Harufu yake iliifikia meza yetu kabla ya sahani. Baba alimgeuza kwa uma, akamtazama upande wa pili, na nikaona ile sura yake ya jikoni inamjia. Mama naye aliiona.

"Usiinuke," alisema chini kwa chini. "Nakuomba kwa Mungu, usiinuke."

Mhudumu alikuwa bado amesimama pale. "Ssebo, kula tu," alinong'ona. "Kula kidogo, lipa, enda nyumbani."

Nadhani Baba hakuwasikia. Si ushujaa, wala si ujeuri. Mkono wake ulikuwa umefanya jambo hilo miaka na miaka, katika bandari ambazo hata majina yake siyajui, na uliishika ile sahani wenyewe. Alikuwa amekwisha kufika katikati ya ukumbi, sahani mikononi, ndipo nikaona mabega yake yanasimama. Amekumbuka alipo. Lakini kugeuka ilikuwa haiwezekani tena, maana mwanamume wa shati la maua alikuwa amemwona.

"Nani narudisha chakula yangu?"

"Ni mimi, afande," alisema Baba.

Mtu wa meza ya jirani alisukuma kiti chake taratibu, akatoka nje bila kumaliza nyama yake. Kapteni aliinuka. Alikuja akanusa sahani, akamtazama Baba kutoka viatuni hadi utosini, akaweka mkono juu ya bega lake.

"Wewe najua kupika kushinda watu yangu? Sawa. Kuja onyesha."

Wakaingia jikoni wote wawili, na askari akachukua bunduki yake ukutani akaingia nyuma yao. Mlango ukafungwa.

Mama alianza kunipakulia wali ambao sikuuomba. "Kula, Zuhura," alisema. "Kula kama kawaida." Nilikula. Salim aliuliza Baba amekwenda wapi, nikamfinya chini ya meza. Kutoka jikoni tulisikia masufuria, kisha sauti ya Kapteni ikifoka, kisha kishindo cha kitu kizito juu ya mbao, na Mama akafumba macho. Nilikuwa na umri wa kutosha kumjua yule mtu wa ghorofa ya chini, na kumjua mkewe, ambaye mpaka wakati ule alikuwa akipiga pasi mashati ya mumewe kila wiki. Nilijua kabisa tulichokuwa tukikingoja. Nilijaribu kumwomba Mungu, lakini kila nikianza nilijikuta nikihesabu vitobo vya taa iliyo juu yetu, nikavikosea, nikaanza upya.

Halafu ikaja harufu. Kwanza mafuta ya moto, kisha tangawizi, kisha kitunguu saumu. Mama alifumbua macho. Alinyanyua uso akavuta pumzi, akavuta tena, yeye ambaye nyumbani hufungua madirisha yote Baba akianza kukaanga. "Ni mkono wake," alisema. "Ni yeye. Yu hai, yuapika." Machozi yalimtoka akayaacha yashuke, na mimi nilifurahi. Sijapata kufurahi namna ile tena, si siku ya harusi yangu, si siku nilipozaa.

Walitoka, Kapteni mbele akiibeba sinia kwa mikono yake, Baba nyuma amejifunga aproni iliyokuwa imelowa jasho. Kapteni alivuta kiti akakaa mezani petu. Alikula samaki yule kwa mkono, akaumaliza upande mmoja, akamgeuza, akaumaliza wa pili.

"Hii sasa chakula," alisema akijifuta. "Mzee, Jumamosi ingine wewe nakuja. Jumamosi yote. Na bibi nakuja, na watoto nakuja." Kisha akacheka, na Baba akacheka pamoja naye, kicheko kirefu ambacho sikukitambua.

Jioni ile Hajati Zamzam alikuja kwetu. Habari zilikuwa zimemfikia, sijui kwa njia gani. Hakukaa. "Mama Zuhura," alisema, "mimi nawajua hawa, ni ndugu zangu. Mutu akisema kuja tena, hakuna siku atasema basi. Siku moja samaki itaungua. Muende." Mama alikuwa tayari ameanza kukunja nguo. Tuliondoka kabla ya Jumamosi kufika, tukiaga kwamba Bibi anaumwa Mombasa, tumebeba mizigo kama ya watu wa kurudi baada ya siku chache. Ndoo ya siki tulimwachia Hajati. Kule Busia mpakani askari alipekua kikapu cha Mama, akamuuliza Baba kazi yake, na Baba akasema fundi. Askari alimtazama muda mrefu, kisha akatupungia tupite. Upande wa pili tuliingia kwenye kibanda cha chai. Chai ilinuka moshi na mahamri yalikuwa ya jana, magumu ya kuvunjia jino, na Baba aliyala yote akaramba vidole. Mama aliangua kicheko, Salim akafuata, mimi nikafuata, tukacheka mpaka mwenye kibanda akatoka kutushangaa.

Tulidhani Baba alikuwa amekula vile kwa sababu ya furaha, lakini aliendelea kula vile maisha yake yote. Tangu siku hiyo hakurudisha chakula, wala hakukikosoa, nyumbani wala kwingine. Mama alipata kukosea akatia chumvi mara mbili kwenye pilau ya Idi. Wageni walikunywa maji mtungi mzima, na Baba alimaliza sahani yake akasema ahsante. Siku ile Mama alikwenda jikoni akalia. Alisema alikuwa amengoja miaka yote amsikie akigomba. Tulikuwa tumerudishiwa Baba mzima, jambo ambalo mke wa yule jirani hakulipata, na ilikuwa kufuru kudai zaidi. Hata hivyo nilikuwa nikidai, moyoni, kila nilipomwona akimeza kitu kibaya kwa adabu.

Sasa Mama ametutoka, Baba ni mzee wa bakora, na mimi ndiye ninayeishi Kampala, kazi ya mume wangu imetuleta. Mwaka jana Baba alikubali kuja kunitembelea. Mji umejaa vyakula kuliko hata enzi zile. Nilimpeleka Kisenyi kwa Wasomali akala wali na nyama ya mbuzi. Nilimpeleka kwa Wahabeshi, nikampeleka kwa Wahindi waliorejea. Alikula kila kitu, akasema ahsante. Siku ya mwisho tuliingia kwa Mwitalia, mahali pa kisasa penye vioo, akaagiza tambi. Ziliposhushwa mbele yake alizitazama. Alichota kidogo kwa uma, akazionja, akatua uma. Kisha akageuza shingo polepole akautazama ukumbi wote: watoto wakipigana picha, mwanamume akicheka na simu, mlango wa mbele uliokuwa wazi. Alikaa akiutazama mpaka nikataka kumuuliza kama anaumwa.

"Binti," alimwita mhudumu. "Mwambie mpishi wako tambi zimeiva mpaka zimekuwa uji."

Nilijikuta nimeugeukia mlango wa jikoni, mtu mzima mimi, mama wa watoto, natafuta nani atatoka. Msichana aliinua sahani. "Pole sana, mzee," alisema. "Naleta ingine sasa hivi." Akaenda zake akiimba. Hakuna aliyetugeukia, hakuna aliyesukuma kiti. Nilimshika Baba mkono, naye akaniacha nimshike, macho yake yako jikoni. Zikaletwa nyingine, zinafuka moshi. Baba alijiweka sawa kitini, akaonja, akatafuna kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa akazirudisha tena.