Yatima wa Kaptagat

Jikoni mwa shule ya bweni ya watoto wa walowezi, Kaptagat, tulikuwa wanne: matroni Mzungu, mpishi Mmaragoli, mimi karani, na mama Mkeiyo aliyeleta maziwa. Nje, wavulana kwa wasichana walipanga foleni ya kuoga maji baridi. Msichana mmoja mdogo alikuwa akilia.

“Hawa yatima, wazazi wao walikufa kwa ugonjwa gani?” mama aliuliza.

“Wako wazima, Mama,” mpishi akasema. “Wanalipa ili watoto walale hapa.”

“Wanalipa wasilale kwao?”

Mama alivua blanketi lake, akatoka nje, akamfunika yule msichana, akamshika mkono ampeleke kwake. Matroni alimrudisha mtoto kwenye foleni, akaniamuru nimweleze mama faida za bweni. Hadi leo sijapata maelezo.

Mama yule alifariki Jumapili iliyopita, akiwa ajuza.