Siku Niliyovaa Sare Mbili

Mpaka leo kuna wanawake hapa Muscat ambao wakinikumbatia, mkono wao unapita mgongoni kwangu taratibu kutoka shingoni kwenda chini, na msidhani ni mahaba, wanatafuta zipu. Mwanzo nilikuwa nikifika kwenye gari nalia. Siku hizi nasimama tu wapapase wamalize, kwa sababu aibu yenyewe nilijitakia, na wala haikuanzia kwenye zipu, ilianzia kwenye mstari mmoja wa fomu ambao niliuacha mtupu kwa makusudi.

Mimi ni mtoa dawa katika zahanati moja mtaa wa Darsait, nna miaka thelathini na moja, na mchezo wangu ni ushangiliaji (chekeni mmalize, nangoja), si ule wa kupiga makofi watu wakicheza mpira, ni huu wa mashindano, wanawake kumi na wawili mnaruka, mnapinduka, halafu mnambeba mwenzenu juu ya viganja mpaka anasimama wima hewani na kutabasamu. Anayepanda tunamwita mrukaji, tulio chini ni wabebaji. Mimi ni mbebaji. Kwa mapaja haya niliyorithi kwa bibi yangu hakuna aliyewahi hata kuniuliza kama nataka kupanda.

Sasa, timu yangu ya kwanza ni ya mtaa wa Ansab, na nahodha wake ni Salha, mtoto wa ami yangu, na nusu ya timu ni jamaa zetu. Wana ukumbi mzuri, magodoro manene, na Salha ni mkali, miezi miwili ya mwanzo hakutufundisha kubeba hata siku moja, alitufundisha kuangukiwa: mtu akianguka usinyooshe mikono, ingia chini yake kwa kifua, mkumbatie kiunoni, mwende chini pamoja. Timu ya pili ni ya Darsait, wanawake waliokuja Muscat kufanya kazi, Wakenya, Watanzania na Waganda, wanafanya mazoezi Ijumaa mchana ghorofani juu ya duka la mapazia, na kocha wao ni Akinyi kutoka Kisumu. Hawa nilijuana nao kwa sababu kila Jumamosi walikuwa wanakuja dirishani kwangu kununua dawa ya kuchua misuli, nikawauliza jamani nyinyi mnabeba nini, wakaniambia njoo uone. Nikaenda mara moja tu, kuangalia, na Ijumaa iliyofuata nikawa chini nabeba.

Na faida za timu mbili zipo, sitazikana hata baada ya yote yaliyonipata. Nilichojifunza Jumatatu Ansab nilikipeleka Ijumaa Darsait nikaonekana nna akili, na kule Darsait nilijifunza kurusha mtu juu bila kukunja uso, maana Ansab tulikuwa tunabeba watu kwa nyuso za msibani. Mabega yalipata nguvu mpaka mama akawa ananiita mimi kufungua chupa za achari badala ya kumwita kaka yangu.

Kilichonishinda ni kusema kwamba nna timu mbili. Salha ana neno lake, "Kila mtu na timu yake," na analisema huku anakutazama wewe. Kwa Akinyi nako sikusema, na sababu ni Neema.

Neema ndiye mrukaji wa Darsait, msichana wa Morogoro, mwembamba, anasuka nywele katika saluni moja Wadi Kabir. Kabla sijafika aliwahi kuangushwa akavunjika kifundo cha mkono, wiki sita hakuweza kushika hata kitana, na tangu hapo alikuwa anakuja mazoezini anakaa kwenye benchi na kuhesabu kwa sauti, basi. Kazi yake ni mikono, na kazi ikisimama mwenye saluni hamngojei mtu. Ijumaa moja akanitazama muda mrefu nilivyokuwa nambeba mwenzake, akaja akaniambia, "Dada Zuwena, wewe huondoi macho. Ukiwa chini wewe, napanda. Akiwa mwingine, sipandi." Nikaweka mkono kifuani nikamwambia macho yangu na akili yangu yote itakuwa kwake. Sasa baada ya maneno hayo, ningeanzaje kumwambia kwamba Jumatatu na Jumatano macho yale yale yako kwa mrukaji wa watu wengine?

Likaja tangazo la mashindano, ukumbi wa wanawake peke yao kule Bawshar, simu zinaachwa mlangoni. Fomu ilikuwa na mstari unaouliza kama kuna mshiriki yeyote aliye katika timu mbili, si kwa ubaya, ili wazitenganishe timu zake apate nafasi ya kupumua. Mimi ndiye niliyejaza fomu za timu zote mbili (kila mtu hupenda kumpa fomu mtu wa zahanati), na kalamu ilifika kwenye mstari ule ikasimama, nikaona uso wa Salha, nikaona uso wa Neema, nikauruka. Kura ya zamu ilipopigwa Ansab tukawa wa tano na Darsait wa sita. Katikati dakika nne.

Mwenye akili angekwenda kusema hapo hapo. Mimi nilimkumbuka mama. Kwetu kwenye harusi, mnajua, kila upande una sare yake, jamaa wa bibi harusi kitambaa hiki na jamaa wa bwana harusi kitambaa kile, na mama yangu mwaka juzi alikuwa na undugu na pande zote mbili, hakutaka kumuudhi mtu, akavaa gauni la upande wa bwana ndani na la upande wa bibi juu yake, na baada ya chakula akaingia msalani akatoka mtu mwingine, na pande zote mbili zikamsifu mpaka leo. Nikasema kama mama ameweza na magoti yake yale mabovu, mimi ntashindwa na nini? (Nilichosahau ni kwamba magauni ya mama mapana na hayana zipu.) Suruali za timu zote mbili ni nyeusi, kwa hiyo ilikuwa ni kazi ya juu tu. Asubuhi ya mashindano nikavaa ya manjano ya Darsait ndani, na ya Ansab, rangi ya damu ya mzee, mikono mirefu, inabana, zipu nyuma, juu yake.

Mama na mashangazi walikuwa mstari wa mbele na chupa yao ya kahawa. Ansab tulicheza vizuri sana, Wallahi, vigelegele vilitoka mpaka nikajisahau, ila joto lile la nguo mbili lilinishika na jasho likawa linaingia machoni. Tulipomaliza Salha akanishika bega akasema, "Leo umebeba, dada." Nikamwambia naenda msalani.

Nikakimbilia chumba cha kuvalia, nikapeleka mikono nyuma, nikavuta. Zipu ikashuka kiasi cha shubiri moja, kisha ikauma kitambaa cha manjano, ikakataa. Nikavuta chini, haiendi. Nikavuta juu, haiendi. Nikajaribu kuivua kwa kichwa, ikaja mpaka usoni, nikawa gizani ndani ya nguo za timu mbili, na nje nasikia mtangazaji anaita Darsait. Nikairudisha, nikatoa mkono mmoja kwa nguvu, mshono ukaachia begani, mkono wa pili ukagoma kutoka kabisa.

Akinyi akachungulia mlangoni. "Zuwena, si tumekutafuta! Wanatuita, kuja sasa hivi." Akaniona. "Na hiyo ni nini umevaa?"

"Zipu," nikasema.

"Ya nani?"

Nikampita. Nikaingia uwanjani mkono mmoja manjano, mmoja damu ya mzee, na kipande cha mbele kinaning'inia kiunoni, na ukumbi ule uliokuwa na vigelegele ukapoa, nikamsikia shangazi yangu mmoja akisema kwa sauti ya kunong'ona inayofika mpaka mji wa Sohar, "Huyu si alikuwa na wale?" Sikutazama benchi la Ansab. Nilijua Salha yuko pale na nilijua ananitazama.

Tukapanga mistari. Neema akasimama mbele yangu, mguu wake unapaswa kuja kwenye viganja vyangu, na hakuuleta. Aliitazama nguo. "Dada Zuwena, hiyo nguo ya nani?"

Hapa ndipo ninapoona haya kweli, zaidi ya zipu na zaidi ya kila kitu. Palikuwa na nafasi. Ningesema leo usipande, na Akinyi angelibadilisha mchezo, tungecheza chini kwa chini, tungepoteza alama tu. Lakini muziki umeshaanza, mama yupo, Salha yupo, na mimi nataka yaishe. Nikamwambia, "Panda tu, ntakueleza."

Akanitazama. Kisha akaweka mguu, kwa sababu nilimwambia.

Alipanda vizuri. Moja, mbili, akawa kifuani, tatu, nne, akawa juu kabisa, mikono ameifungua, na mimi macho yako kwake lakini akili iko mgongoni, nahisi mshono unaendelea kuachia, zipu inaivuta na ile ya manjano, na hewa ya baridi inaingia, nafikiri nini kitaonekana. Sasa Darsait tunashikilia mpaka nane. Ansab tunateremsha kwenye sita. Mwili wangu ulikuwa umetoka kuteremsha mtu kwenye sita si zaidi ya dakika kumi zilizopita. Tano. Sita, na magoti yangu yakakunjika yenyewe.

Upande wangu ukashuka, upande wa pili umebaki juu. Nikauona mguu wake unatoka kiganjani. Hakupiga kelele, na ninavyokumbuka mimi ukumbi mzima haukutoa sauti, niliona tu mkono wake ule, ule uliovunjika, unatafuta kitu cha kushika na hakuna kitu. Sikufikiri. Miezi miwili ya Salha ilifikiri kwa niaba yangu: nikaingia kwa kifua, nikamkumbatia kiunoni, tukaenda chini pamoja, mgongo wangu chini yeye juu yangu, na sauti iliyosikika ukumbi mzima haikuwa ya mfupa wa mtu, ilikuwa ni zipu, hatimaye, ikipasuka kutoka pale ilipokwama mpaka chini.

"Mkono," nikamwambia. "Neema, mkono."

Akaukunja, akaunyoosha. Mzima. Akajiinua juu yangu akaenda zake kando bila kunitazama.

Muziki ukazimwa. Jaji mkuu akaja na fomu zake mbili mkononi, mama mmoja mwenye miwani, akanitazama nilivyokaa pale kwenye godoro, manjano juu kote na ile nyingine imenizunguka kiunoni, akauliza kwa Kiarabu, bila hasira, huyu ni wa timu gani. Akawatazama Darsait. Akinyi alikuwa amemshika Neema, akatazama chini. Jaji akawatazama Ansab. Salha akajifanya anafunga kamba za viatu. Jaji akauliza tena, na niwaambieni, timu mbili nilizokuwa nazo, kwa wakati ule sikuwa na hata moja.

Mama akasimama. Akamkabidhi shangazi kikombe cha kahawa, akasema, kwa Kiswahili, mbele ya ukumbi mzima, "Wangu huyo. Nimemzaa mie." Akaja na abaya yake akanifunika, mtu wa miaka thelathini na moja, akaniongoza nje.

Timu zote mbili ziliondolewa mashindanoni kwa sababu ya mstari ule wa fomu.

Ijumaa mbili Neema hakuja mazoezini. Nikamfuata Wadi Kabir saluni, alikuwa anamsuka mtu, hakuacha. Nikasema yote, tangu fomu. Akamaliza msuko mmoja ndipo akasema, "Kuanguka nimeshaanguka, Dada Zuwena, si kitu kigeni. Lakini nilikuuliza nguo ya nani." Nilikaa mpaka yule mteja akaondoka, nikamsaidia kufagia nywele, nikaenda nyumbani.

Kwa Salha ilichukua muda zaidi, mwezi mzima alikuwa anazungumza na mimi kupitia kwa mama ("mwambie mwanao apishe gari lake"), mpaka siku moja tukiwa kwenye sahani moja ya wali akasema bila kuinua kichwa, "Ulivoingia chini yake, ndivo. Wale hawana magodoro?" Nikamwambia wana mawili, membamba. Akasema, "Basi waje." Na wakaja. Sasa mara moja kwa mwezi Darsait wanakuja Ansab kujifunza kuangukiwa, na Akinyi anawafundisha akina Salha kutabasamu, kazi ambayo haijakamilika.

Mimi bado niko timu mbili, jina langu limeandikwa kote kuwili, na fomu siku hizi najaza mpaka mahali palipoandikwa pasijazwe. Nimeapa sitavaa sare mbili tena mwili mmoja, si uwanjani si harusini, na mama nimemwambia anichagulie upande mmoja anivumilie.

Neema alikaa kwenye benchi miezi mitatu. Siku aliyoinuka hakuna aliyemwita, alikuja mwenyewe akasimama mbele yangu, nikaweka viganja. Akaingiza kidole kwenye ukosi wangu, akauvuta, akachungulia ndani.

"Leo umevaa ngapi?"

"Moja," nikasema.

Akachungulia tena, maana neno langu peke yake halimtoshi, kisha akaweka mguu.