Kijiti cha Kukorogea Mapovu

Kila nikifunua unga wa maandazi ulioumuka kwa hamira, harufu yake kali yenye utamu hunirudisha Nyamiaga, nyuma ya nyumba yetu, kwenye mtumbwi wa mbao ambamo baba alikamulia ndizi za pombe.

Nilikuwa na miaka minane. Kaka yangu Yohana alikuwa anaposa Bugarama, na kwetu posa bila pombe ya ndizi ni maneno matupu. Baba alikamua ndizi mbivu kwa nyasi, akatia maji na unga wa mtama uliokaangwa, kisha akaufunika mtumbwi kwa majani ya mgomba, tabaka juu ya tabaka.

"Imelala," alituambia. "Asiifunue mtu. Na hapa nyumbani asigombane mtu, pombe inasikia."

Mimi niliisikia ikichemka bila moto, nikashindwa kuvumilia jamani. Kila baba alipokwenda shambani nilifunua, nikakoroga kwa kijiti nione mapovu, nikafunika. Siku mbili nzima.

Asubuhi ya safari baba alionja, akatema. Ilikuwa siki. Yohana akakaa chini, akashika kichwa. Niliogopa. Lakini baba alimgeukia mama.

"Mama Yohana, ni mimi. Jana nilikufokea kwa ajili ya jembe. Unisamehe."

"Yameisha," mama akasema, akaenda kuomba pombe kwa jirani. Posa ilikubaliwa. Mimi nikanyamaza.

Nilipofika kidato cha tatu, mwalimu wa baiolojia alitufundisha kwamba seli ya hamira ikipata hewa huivunja sukari mpaka mwisho na kupata nguvu tele. Ikinyimwa hewa hupata nguvu kidogo tu, na sukari inaishia kuwa kileo. Ukiendelea kuingiza hewa, vijidudu vingine hukigeuza kileo hicho kuwa siki. Wenzangu waliandika, mimi nilikuwa nakiona kijiti changu.

Likizo nilirudi nyumbani nimeazimia kuungama. Pombe ilikuwa imelala, na baba, kama kila ilipolala tangu mwaka ule, alikuwa akiongea na mama taratibu, kwa adabu, kama mgeni. Nilipomwamkia baba shikamoo na kutaka kuanza, mama alinivutia jikoni.

"Kile kijiti chako nilikikuta kando ya mtumbwi siku ileile," alininong'oneza, "nikakichoma."

Ndipo nilipoelewa kwa nini mama, ambaye pombe haonji, kila mwezi alimkumbusha baba kwamba ndizi zimeiva.