Kulinyamazisha Lori la Kabichi

Mume wangu ana lori dogo, la ile aina ambayo injini imelala chini ya viti. Kwa miaka mingi tumekuwa tukipakia kabichi na avokado Kikima na kuzipeleka Mutomo, ambako jua halibembelezi mboga. Yeye huendesha upande wa kulia, mimi nakaa kushoto, na katikati yetu linanguruma hilo lidude. Watoto walipokuwa nyumbani sikujali. Walipooa na kuolewa wakaenda zao, nikagundua kwamba mume wangu na mimi hatuongei tena. Nyumbani anafika amechoka, anakula muthokoi wake, analala. Njiani napasua koo bure. Siku moja nilimwambia kwamba dada yangu wa Nuu amelazwa hospitalini, naye akatikisa kichwa akasema, "Hiyo ni nzuri sana." Haki nilitaka kushuka niende kwa miguu.

Lawama zote tulilitupia lori, mimi na yeye. Nikaapa kwamba nitalinyamazisha. Nilitaka mume wangu anirudie, basi.

Kazi yangu ni kushona viti vya magari, kwa hivyo sponji na turubai ni vitu nilivyovizoea. Lakini wazo lenyewe lilinijia kwenye stoo ya kikundi chetu cha kina mama wanaosuka vyondo, vile vikapu vya katani. Tulikuwa tumejikinga mvua humo ndani, na mafungu ya katani yamejaa hadi karibu na bati. Mvua ilikuwa inapiga kwelikweli, lakini mwenyekiti wetu alipoanza kuomba, sauti yake haikuwa na mwangwi hata kidogo. Ilitoka kinywani ikaishia palepale. Wenzangu walifunga macho kama inavyotakiwa, mimi nikawa natazama katani.

Kesho yake nikaanza kujaribu. Niliweka simu inayolia ndani ya debe, nikawa nalizungushia kitu kimoja baada ya kingine: sponji, magunia, nguo kuukuu, katani. Katani iliyochambuliwa ikaachwa ovyo bila kusokotwa ndiyo iliyomeza mlio vizuri. Kwenye lori, hata hivyo, ule mngurumo mzito wa injini ulipita tu, kwa hivyo nikaongeza mpira wa tyubu za zamani. Hapo nikakosea. Niliuweka mpira juu, upande wa kwetu, kwa sababu unapanguseka, na kelele za ndani zikawa zinaugonga na kuturudia. Ilibidi nigeuze. Mpira ushikane na bati la sakafu, katani ibaki juu, imefunikwa kwa kitambaa chepesi tu ili sauti iingie humo ipotee.

Kosa jingine lilikuwa la aibu. Ili katani ishikane, niliipaka uji mzito wa unga wa mahindi, nikaianika ikakauka safi. Tukafika Mutomo, tukaacha milango wazi tukiteremsha kabichi, na mbuzi wa pale hawangoji kukaribishwa. Tuliporudi tulikuta wawili kwenye kiti cha dereva, na wa tatu anamalizia katani ya mlangoni. Wanawake wa sokoni walicheka mpaka wakakaa chini. Mume wangu naye alicheka hadi akashika mbavu, na mimi nilivyokuwa sijamwona akicheka hivyo kwa muda mrefu, sikuweza hata kununa.

Baada ya hapo niliachana na uji. Nikawa naishona katani kwa ile mishono mirefu ya godoro, na nikaacha nafasi pale karibu na bomba la moshi, maana sikuwa na mpango wa kumchoma mtu. Yeye ndiye aliyekuwa ananiletea katani, ndiye aliyenishikia bati nikipima. Lakini kila nilipokaribia kumaliza alipata la kusema. Kunanuka. Kuna joto. Dereva lazima asikie injini yake, ikiugua atajuaje? Nilimjibu kwamba injini hiyo hata ikikohoa, Makueni nzima itampigia simu. Akacheka, kisha akaniomba nifungue sakafu tena nipunguze. Nikafungua. Ana kichwa kigumu, na mimi pia, ndiyo sababu tulioana.

Mwishowe nikamaliza bila kumuuliza, siku aliyokuwa kwenye mkutano wa wazee wa kanisa.

Safari iliyofuata tukateremka milima ya Mbooni, na lori likawa linaguna tu huko chini ya miguu. Nilisikia makreti ya avokado yakilia nyuma. Nilisikia bangili zangu mwenyewe. Furaha ilinijaa, wee, sijui hata niseme vipi. Nikangoja tufike mahali barabara imenyooka, nikasema kwa sauti ya kawaida, ile ya jikoni, "Nilikuwa na hamu ya kuongea na wewe, mzee wangu."

Hakugeuka. Nikarudia. Alikuwa anatazama barabara, ametulia kabisa. Nikamgusa mkono. Akanitazama, akatabasamu, akapaza sauti kwa nguvu zake zote: "Ndiyo, mama!"

Alikuwa bado anashindana na kelele ambayo haipo.

Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu alipunguza mwendo akaegesha kando, akazima injini. Kisha akaniambia kwamba sikio la kushoto, lile la upande wangu, lilimuaga zamani, na la kulia bado lina nguvu kiasi.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa naomba tu usimalize hiyo kazi. Lori likipiga kelele, mbaya ni lori."

Nililia. Nilimkasirikia pia, kwa kunifungulisha ile sakafu mara zote hizo, na nilimpenda kupita siku tuliyofunga ndoa. Nikamshika mkono, tukakaa hapo mpaka kabichi zikaanza kupata joto.

Ikabidi nijifunze kuendesha. Kikima walisema mengi kuhusu mwanamume anayebebwa na mke wake, lakini wasemaji hawaishi. Sasa mimi niko kulia na yeye kushoto, na lile sikio lake lililobaki liko upande wangu. Analalamika ninavyobadilisha gia, na mimi namwambia anyamaze au nimrudishie mbuzi. Safari ya kwanza, tukiwa tumepita mji wa Wote, nilianza kumweleza mambo ya mkwe wetu na jirani yake, mambo marefu, na nikasimulia mpaka tukafika Mutomo. Nilizima injini. Wateja walikuwa wameshazunguka lori, mmoja anagonga mlango wa kushoto. Mume wangu alimwonyesha kwa mkono angoje kidogo, akasogeza sikio karibu, akaniambia nimalize kwanza.